Ufahamu: Uhai Chini ya Barafu

Soma kifungu cha habari kifuatacho kwa makini, kisha jibu maswali yanayofuata.

Watu wengi hudhani kuwa barafu haina uhai. Sivyo. Mwezi Januari 2013, wanasayansi wa Marekani walitoboa barafu yenye unene wa mita 800 hivi huko Antaktika, wakafikia maji ya Ziwa Whillans. Katika maji hayo, yasiyopata mwanga wa jua, walikuta bakteria walio hai.

Bakteria hao hula nini? Baadhi hupata nguvu kutokana na kemikali zilizomo majini na katika miamba iliyosagwa na barafu. Wengine hula kaboni ya mabaki ya viumbe wa kale yaliyofukiwa huko chini. Pasipo na oksijeni, ulaji huo huweza kuzalisha gesi ya methani. Jambo hili si geni kwetu. Ukikoroga kwa mti tope jeusi la bwawa katika bonde la Mto Ruvu, karibu na Mlandizi, huenda ukaona mapovu yakipanda. Hayo pia ni matokeo ya vijiumbe wanaokula mabaki pasipo hewa.

Barafu ikiyeyuka, kaboni iliyofungiwa hutoka. Sehemu yake huwa chakula cha viumbe wa majini. Nyingine hupanda angani ikiwa gesi zinazoongeza joto la dunia.

Barafu ya Mlima Kilimanjaro ilikuwa na eneo la kilometa za mraba 12 hivi mwaka 1912. Kufikia 2007 zilibaki chini ya 2. Ni ndogo mno kuweza kubadili hewa ya dunia. Hasara yake ni nyingine. Mwaka 2000, Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State na wenzake walichimba na kutoa nguzo sita nyembamba za barafu. Walikadiria kuwa barafu ya chini kabisa ina miaka 11,700 hivi. Ndani yake walikuta tabaka la vumbi, kumbukumbu ya ukame mkali wa miaka 4,000 hivi iliyopita. Barafu hiyo ikiisha, kumbukumbu hiyo haiandikwi upya.

Maswali
(a) Kwa nini bakteria wa Ziwa Whillans hawawezi kujitengenezea chakula kama mimea?
(b) Eleza maana ya neno "kumbukumbu" kama lilivyotumika katika kifungu.
(c) "Hasara yake ni nyingine." Mwandishi ana maana gani?
(d) Fupisha aya ya pili na ya tatu kwa maneno yasiyozidi 40.

Dondoo kwa mtahiniwa
(a) Hawapati mwanga wa jua.
(b) Alama iliyobaki ya tukio la zamani.
(c) Usiandike kuwa barafu ya Kilimanjaro ikiyeyuka itaongeza joto la dunia. Kifungu kimekanusha hilo. Hasara ni kupotea kwa historia ya hali ya hewa. Jibu kwa yaliyoandikwa, si kwa uliyoyasikia.
(d) Hoja tatu zisikosekane: chakula cha bakteria, kuzalishwa kwa methani, na kaboni kutoka barafu inapoyeyuka. Mfano wa Ruvu uache. Ufupisho hauhitaji mifano.