Mtu au Shamba? Kitenzi -rithi Pale Mali Inapokuwa na Deni

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza kitenzi -rithi, chenye asili ya Kiarabu, ambacho wafasiri wetu hukitumia kana kwamba kina maana moja tu. Yambwa yake yaweza kuwa kitu (amerithi shamba) au mtu (amemrithi mjomba wake). Katika sentensi ya kwanza mtu amepata mali. Katika ya pili ameshika nafasi ya aliyetangulia. Tofauti hii huonekana ndogo mpaka marehemu anapoacha deni. Hapo huzuka swali: anayedaiwa ni mtu au ni shamba?

2.0 Kumrithi mtu

Msikilizaji wa Chiwata, katika nchi ya Wayao, Wamakua na Wamakonde wanaofuata kwa desturi ukoo wa mama, huielewa upesi sentensi ya pili. Kwa Wayao, mpwa aliyemrithi mjomba alitwaa cheo pamoja na jina. Ndivyo jina la Matola lilivyoendelea Newala baada ya mwenyewe kufariki. Anayetwaa jina hawezi kuyakana majukumu yake.

Huko Ayalandi, mwana mkubwa wa kabaila alimrithi baba cheo na kurithi ardhi kwa pamoja. Lakini ardhi hiyo mara nyingi ilikuwa imefungwa kwa rehani za mababu, posho ya mama mjane na mafungu ya ndugu. Njaa kuu ilipoanza mwaka 1845, kodi za wapangaji zilipungua ilhali riba haikupungua. Sheria ya mwaka 1849 ikaunda mahakama maalumu ya kuuza mashamba yaliyolemewa na madeni. Cheo kilibaki; ardhi ilikwenda.

3.0 Kurithi kitu

Unguja na Pemba zilifuata sheria ya Kiislamu. Kwanza hutolewa gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi; ndipo warithi hugawana kilichosalia. Kwa hiyo mali ndiyo inayodaiwa, si nafsi ya mrithi.

Hata hivyo, matumizi ya lugha yalificha jambo. Kwa kuwa riba ni haramu, mwenye shamba la mikarafuu alimwuzia mkopeshaji shamba lake kwa bei kheyari, yaani mauzo yenye hiari ya kukomboa. Alibaki shambani akilipa kodi, ambayo kwa hakika ilikuwa riba. Alipofariki, watu walisema mwanawe amerithi shamba. La hasha! Alichorithi ni hiari ya kulikomboa, nayo bila fedha haikuwa na thamani.

Madeni hayo yalikithiri hata serikali ya kikoloni, mwaka 1934, ikatunga sheria ya kuzuia ardhi za Waarabu na Waafrika zisihamishiwe wengine bila idhini. Baada ya Mapinduzi ya 1964, mashamba makubwa yalitaifishwa na familia nyingi zikagawiwa eka tatu tatu.

4.0 Hitimisho

Imebainika kwamba -rithi peke yake haitoshelezi. Mfasiri wa mahakamani, na mwalimu amfundishaye, hana budi kuuliza mambo matatu: aliyerithiwa ni mtu au kitu? Kitu hicho ni mali yenyewe au haki ya kuikomboa? Deni limefuata nafsi au ardhi? Asipouliza, sarufi ya sentensi yake itakuwa sahihi, lakini mrithi atapoteza shamba, au atalipa deni lisilo lake.