Mstari Mmoja Haukai Peke Yake: Kuisoma Biblia kwa Visa Vyake Vikuu

Chukua Yeremia 29:11, mstari ambao Mungu anawaambia watu wake kwamba anawawazia mema. Utaukuta kwenye kadi za harusi na kalenda za ukutani. Sasa rudi mwanzo wa sura hiyohiyo. Ni barua. Yeremia yuko Yerusalemu na anawaandikia watu waliochukuliwa mateka Babeli. Sura moja nyuma, nabii mwingine, Hanania, amekwisha kuwatangazia watu kwamba mambo yatatengemaa ndani ya miaka miwili. Yeremia anakataa: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni na kuoza, uombeeni amani mji wa hao waliowateka, maana kurudi ni baada ya miaka 70. Kwa hesabu hiyo, wengi walioisikia barua ile ikisomwa walijua watazikwa ugenini. Ahadi ya mstari wa 11 ipo palepale, ila si ahadi ya viza kutoka wiki ijayo.

Kwa mkazi wa Kinanira, au wa mtaa wowote wa Bujumbura, barua hiyo haihitaji maelezo mengi. Warundi walikimbia mwaka 1972, wakakimbia 1993, wakakimbia tena 2015. Waliofikia Katumba, Mishamo na Ulyankulu, kule Tanzania, wanaijua tofauti kati ya mtu anayekaa amefunga mizigo na mtu aliyekwisha kupanda miembe. Kinachokosekana kwa wasomaji wengi ni mazoea ya kuuliza, kabla ya kuupokea mstari wowote: hapa tupo wapi katika kisa?

Ili uweze kujibu, inabidi mtiririko mzima uwe kichwani. Wala si kazi ya miaka. Biblia yenyewe inajisimulia kwa ufupi zaidi ya mara moja. Soma Nehemia 9 kwa sauti, kisha Matendo ya Mitume 7, pale Stefano anapojitetea mbele ya Baraza. Sura mbili, jioni moja. Utapita kwa Ibrahimu aliyeitwa aache kwao, Yusufu aliyeuzwa Misri, Musa aliyewatoa watu utumwani, jangwa, nchi ya ahadi, hadi kwa wafalme na manabii. (Musa mchanga alifichwa kwenye matete ya Mto Naili, na chemchemi ya Naili iliyo kusini kabisa iko hapahapa Burundi, Rutovu, penye piramidi ndogo iliyojengwa mwaka 1938. Watoto wakiambiwa hivyo, Misri haiwi mbali tena.)

Juu ya mtiririko huo bandika miaka michache tu. Daudi anatawala karibu mwaka 1000 KK. Baada ya mwanawe Sulemani, ufalme unagawanyika, kaskazini na kusini. Samaria, mji mkuu wa kaskazini, unaangushwa na Waashuru mwaka 722 KK. Yerusalemu unaangushwa na Wababeli mwaka 586 KK. Mwaka 538 KK Koreshi wa Uajemi anawaruhusu mateka warudi. Yesu anazaliwa wakati nchi iko chini ya Roma.

Miaka hii ina kazi, kwa sababu vitabu havikupangwa kwa kufuatana na wakati. Amosi na Hosea wako karibu na mwisho wa Agano la Kale, lakini walihubiri Samaria ingali imesimama. Hagai na Zekaria ni wa baada ya kurudi. Ezra 5:1 inawataja wote wawili kwa majina. Shika penseli, uandike juu ya ukurasa wa kwanza wa kila nabii: kabla ya Babeli, Babeli, au baada ya Babeli. Nyaraka za Paulo nazo zirudishe kwenye safari zake: Filipi iko Matendo 16, Thesalonike 17, Korintho 18.

Uanze na kisa gani? Wengi watakwambia Mwanzo 1. Mimi naona heri uanze na Yusufu, Mwanzo 37 hadi 50, kwa sababu ni kisa kimoja kirefu kilichokamilika, na ugomvi wa ndugu hauna mgeni. Kisome chote bila kuruka sura ya 38, ile ya Yuda na Tamari, ambayo walimu wengi huipita kwa aibu. Angalia mbuzi. Katika sura ya 27, Yakobo anamdanganya baba yake kwa kujivika ngozi za wana-mbuzi. Katika sura ya 37, wanawe wanachinja mbuzi, wanachovya vazi la Yusufu katika damu, na Yakobo naye anadanganyika vilevile. Katika sura ya 38, Yuda anaahidi mwana-mbuzi, anaweka rehani pete yake ya muhuri na fimbo, na rehani hiyo ndiyo inayomuumbua. Kisha mtazame Yuda huyohuyo: sura ya 37 ndiye aliyetoa wazo la kumuuza ndugu yake, sura ya 44 anaomba abaki yeye mtumwa ili mdogo wake Benyamini arudi kwa baba. Anayesoma mstari mmoja kwa siku hawezi kuliona badiliko hilo.

Visa vingine vinataka uangalifu. Kitabu cha Yoshua kina vita na maangamizi, na katika nchi iliyozika watu wengi kama yetu, mhubiri asiachiwe kumgeuza jirani kuwa Mkanaani. Usikiache, ila kisome pamoja na Ruthu, kitabu cha sura nne tu. Ruthu ni Mmoabu, na Kumbukumbu la Torati 23 inawazuia Wamoabu wasiingie katika kusanyiko. Hata hivyo ndiye aliyemzaa babu yake Daudi.

Mkiwa kikundi, baada ya ibada au kwenye sahwanya (jumuiya ndogo ya waumini), jaribuni hivi: mmoja afunge kitabu na kusimulia, wengine wafungue na kufuata. Yanayoongezwa yatajitokeza yenyewe. Mathayo 2 haisemi kwamba mamajusi walikuwa watatu. Zawadi ndizo tatu, na mtoto walimkuta nyumbani, si zizini. Tunda la Edeni halikutajwa jina.

Kuhusu lugha, nyumba moja Bujumbura inaweza kuwa na Biblia ya Kirundi, ya Kifaransa na ya Kiswahili. Zitumieni zote. Kwa Kiswahili, tafsiri ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, ina lugha nzito na nzuri. Habari Njema ni nyepesi kwa kusimulia. Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 73, ya Kiprotestanti 66, na hilo lisiwafarakanishe. Mprotestanti anayetaka kujua yaliyotokea kati ya Ezra na Yesu aazime ya jirani, asome 1 Wamakabayo 1 hadi 4. Humo hekalu linanajisiwa, linakombolewa na kutabarukiwa upya, na ndiyo asili ya ile sikukuu ya wakati wa baridi ambayo wakati wake Yohana 10:22-23 inamwonyesha Yesu akitembea hekaluni.