Taa ya Mkono Katika Gereji ya Baridi

Wanafunzi wenzangu, likizo ya Juni nilimsaidia mjomba wangu kazi ya gereji huko Njombe. Mji huo umeinuka karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri za majira hayo baridi hushuka chini ya nyuzi 10.

Mjomba alikuwa na taa ya mkono yenye globu ya zamani ya wati 60. Twajua ya kuwa globu ya namna hiyo hugeuza kiasi cha tisa kwa kumi ya umeme wake kuwa joto. Mkono wa mjomba una alama za kuungua. Basi nikanunua kwa fedha zangu globu ya neli ya wati 11, ambayo nuru yake hukaribia ile ya wati 60. Nilijiona mtaalamu.

Kesho yake alfajiri mjomba akaingia chini ya lori kukagua mpira wa breki. Taa ikawaka kwa unyonge. Akaupapasa mpira, akasema ni mzima. Dakika chache baadaye nuru ikaongezeka, ndipo akauona ufa. Lori lile lilikuwa literemke mlima siku ile ile na magunia ya viazi. Mjomba akanitazama tu.

Sababu ni zebaki. Ndani ya neli mna zebaki kidogo sana, na umeme ukipita katika mvuke wake hutoka miale isiyoonekana kwa macho. Unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo ndio unaoigeuza kuwa nuru. Penye baridi kali mvuke huwa haba, na nuru hufifia mpaka neli ipate joto. Tena kuiwasha na kuizima mara kwa mara hupunguza umri wake, na taa ya mkono ndivyo itumikavyo.

Siku ya tatu ikaanguka, ikavunjika. Tulifungua milango, tukakaa nje dakika 10, kisha tukaokota vipande kwa karatasi ngumu, wala si kwa ufagio, kwa kuwa ufagio hutawanya zebaki. Tukavitia katika chupa yenye kifuniko.

Sasa mjomba anatumia globu ya LED. Haina zebaki, huwaka mara moja kwa nuru yake yote, na baridi huifaa, maana kinachoichosha upesi ni joto. Globu ya neli siidharau. Ipo moja juu ya meza ya kazi, huwashwa asubuhi na kuzimwa jioni. Mjomba hupita chini yake akiniuliza, "Mpwa wangu, hii yako imekwisha kuamka?"