Mtoto Akivimba Taya, Usisubiri
Saratani ya Burkitt, iliyoelezwa na daktari Denis Burkitt nchini Uganda mwaka 1958, huwapata zaidi watoto wa maeneo yenye malaria nyingi, kama ukanda wetu wa Ziwa Victoria. Katika seli yenye afya, protini iitwayo Myc huingia ndani ya kiini, huchochea seli igawanyike, kisha huvunjwa upesi. Katika saratani hii, jeni ya Myc imehamia kromosomu nyingine. Protini hutengenezwa bila kukoma, na seli hugawanyika mfululizo. Ndiyo maana uvimbe hukua kwa siku chache tu.

Mzazi, ukiona taya au tumbo la mtoto limevimba, au meno yamelegea kabla ya wakati, mpeleke kituo cha afya mara moja. Dawa zipo, na watoto wengi hupona wakiwahishwa.