Jaribu mbegu kabla hujapost

Wapambanaji, Novemba iliyopita niliwatumia wateja wa Chamwino mbegu za nyanya zilizokaa kiangazi chote juu ya kabati, chini ya bati. Joto lile! Hazikuota. Na Dodoma mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, ukichelewa kitalu umechelewa. Nilirudisha hela, ila dada mmoja hajibu meseji zangu mpaka leo.

Siku hizi kila mzigo nafungua pakiti moja. Natoa mbegu 10, nakunja kwenye kitambaa chenye unyevu, nafunika na sahani. Kitambaa kisikauke. Nyanya nasubiri siku 10. Zikiota 8 nauza, naweka picha status na tarehe. Zikiota 5 siuzi, hata uniombe nusu bei. Pakiti nyingine sifungui, mteja aione lebo ya TOSCI mwenyewe.