Jiwe la Musa

Vijana wenzangu, leo fungueni Kutoka 17:8-13. Waisraeli wanapigana na Waamaleki, Musa yuko kilimani ameinua mikono, na mikono imekuwa mizito. Aroni na Huri hawakumwambia avumilie. Walimletea jiwe akalie, kisha wakamshika mikono, mmoja huku na mwingine kule, mpaka jua likatua.

Hilo jiwe nilikuwa nalipita tu kila nikisoma. Nimelielewa nyumbani.

Bibi alipata kiharusi, upande wa kushoto ukapooza. Mama alimuuguza mwaka mzima, usiku na mchana. Siku moja nikamsikia anamfokea bibi kwa ajili ya uji uliomwagika, halafu akaenda jikoni kulia. Mama yangu si mkali. Alikuwa amechoka, na sisi tulikuwa tunampa pole tu.

Nikamwambia, "Mama, nenda kwa mamdogo siku tatu ukalale." Akakataa. "Watu watasema nimemtupa mama mkwe wangu." Bibi mwenyewe ndiye aliyemaliza kesi: "Nenda mwanangu, na mimi nipumzike na wewe kidogo." Tulicheka!

Kwenye jumuiya sikuomba "msaada", maana hapo kila mtu huitikia na hakuna anayekuja. Nilitaja siku na saa. Akina mama wawili wakachukua asubuhi, kumwogesha bibi (hilo si la mjukuu wa kiume). Mchana wangu, usiku wa dada.

Jioni moja kabla ya safari mama alitufundisha. Bibi ageuzwe kila baada ya saa mbili, asipate vidonda vya kulalia. Akila aketi wima, vijiko vidogo, uji uwe mzito kidogo maana mwepesi unampalia. Asivutwe mkono uliopooza, bega litateguka. Niliandika yote pamoja na saa za dawa, nikabandika ukutani. Kufikia siku ya pili mgongo wangu ulikuwa unauma kwa kumgeuza tu. Mwaka mzima, jamani!

Siku ya kwanza mama alipiga simu mara tano. Ya pili, mara moja. Ya tatu hakupiga kabisa.

Aliporudi alisoma ile karatasi ukutani, akachukua kalamu, akaongeza chini: "Saa ya rozari afunguliwe redio."