Kuhara Damu Kusikokoma: Somo kuhusu Uvimbe Sugu wa Utumbo

Katika zahanati na vituo vya afya vya Karagwe na Kyerwa, mtu anayehara damu mara nyingi huwa na amiba, bakteria wa kuhara damu, au kichocho cha tumbo. Dawa ikilenga chanzo sahihi, wengi hupona upesi. Somo hili linamhusu mgonjwa anayerudi: aliyemaliza dozi ya metronidazoli, akapewa ya pili, kisha ya tatu, na damu bado inatoka. Kuhara kunakozidi wiki nne ni kuhara sugu, na mgonjwa huyo anahitaji uchunguzi kabla ya kuongezewa dawa.

Mojawapo ya sababu zinazosahaulika ni uvimbe sugu wa utumbo. Neno uvimbe hapa halimaanishi saratani. Linaeleza hali ambayo kinga ya mwili huushambulia utumbo wenyewe, ukafura, ukawa mwekundu na kutoka vidonda. Hali hii ina sura mbili kuu. Kolaitisi ya vidonda huanzia kwenye puru na kupanda ndani ya utumbo mpana. Dalili zake ni choo chenye damu na ute, pamoja na haja inayorudi muda mfupi baada ya kutoka chooni. Ugonjwa wa Crohn unaweza kushika sehemu yoyote, kuanzia kinywani hadi njia ya haja kubwa. Huleta maumivu ya tumbo, kukonda, na wakati mwingine matundu yanayotoa usaha karibu na njia ya haja. Magonjwa haya hayaambukizi, wala hayatokani na kurogwa.

Kusahaulika huko kuna historia. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi miaka mingi nchini Uganda, alieneza hoja kwamba magonjwa mengi ya utumbo yanayoonekana katika nchi tajiri ni adimu vijijini Afrika, kwa sababu ya mlo wenye nyuzinyuzi nyingi. Vizazi vya matabibu vilisoma hivyo. Lakini kolaitisi huthibitishwa kwa kuutazama utumbo kwa kamera na kuchukua kinyama cha kupima. Pasipo kipimo hicho, ugonjwa unaweza kuwapo na usiandikwe. Aidha, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Tangu hapo, jirani anayekonda na kuhara hudhaniwa mara moja kuwa na virusi hivyo, hata kabla ya kupimwa, na aibu humfanya afiche dalili zake.

Kwa hiyo mhudumu aanze na yanayopatikana karibu: kipimo cha choo kwa amiba na mayai ya kichocho, kipimo cha VVU kwa ridhaa ya mgonjwa, wingi wa damu, na uchunguzi wa kifua kikuu. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni ziulizwe pia, kwani zinaweza kuuamsha ugonjwa. Majibu yasipoeleza kuhara huko, hospitali za wilaya hizi, kama Nyakahanga na Isingiro, ziwe daraja la kumfikisha mgonjwa kwenye rufaa yenye kamera ya utumbo, kama Bugando jijini Mwanza.

Kifua kikuu kinastahili tahadhari ya pekee. Hupenda kukaa mwishoni mwa utumbo mwembamba, mahali palepale panapopendwa na ugonjwa wa Crohn, na huweza kufanana nao kabisa. Mgonjwa wa kifua kikuu akipewa prednisoloni peke yake anaweza kupata nafuu ya muda mfupi huku vijidudu vikienea mwilini.

Ushahidi wa tiba upo. Mwaka 1955, Sidney Truelove na Leslie Witts wa Oxford, Uingereza, walitoa matokeo ya jaribio la wagonjwa 210 wa kolaitisi. Baada ya wiki sita, takriban 41 katika kila 100 waliopewa kortisoni walitulia, ikilinganishwa na 16 katika kila 100 wasiopewa. Hata hivyo, kortisoni haikuzuia ugonjwa kurudi. Utafiti wa mwaka 1965 ulionyesha kwamba salfasalazini, ikitumiwa mfululizo, huwasaidia wengi kubaki katika utulivu. Hivyo prednisoloni huuzima moto na kupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari, nayo salfasalazini huendelea pamoja na vidonge vya foliki asidi. Mwanamume aelezwe kwamba dawa hii inaweza kupunguza mbegu zake kwa muda, nazo hurejea dawa ikiachwa.

Watafiti hao wawili waliacha pia kipimo kinachotumika hadi leo. Mgonjwa wa kolaitisi anayepata choo cha damu mara 6 au zaidi kwa siku, pamoja na homa inayozidi nyuzi 37.8, mapigo ya moyo yanayozidi 90 kwa dakika, au hemoglobini chini ya 10.5, alazwe siku hiyohiyo. Asipewe dawa za kufunga tumbo, kwani utumbo unaweza kupanuka na kupasuka.

Nyumbani, hakuna chakula kimoja kilichothibitishwa kuleta ugonjwa huu, na kujinyima huleta utapiamlo. Wakati wa mashambulizi, ndizi zilizopikwa zikalainika, samaki na uji laini huvumilika na wengi. Maharage yapunguzwe kama yanaumiza, yarudishwe hali ikitulia. Kahawa na rubisi zinaweza kuongeza kuhara. Sigara huzidisha ugonjwa wa Crohn. Mwanamke anayetaka mtoto ashauriane na daktari mapema, maana mimba inayotungwa ugonjwa ukiwa umetulia huwa na matumaini zaidi. Baada ya miaka minane ya kolaitisi iliyoenea, utumbo uchunguzwe kwa kamera mara kwa mara, kwani hatari ya saratani huongezeka.

Mgonjwa atunze daftari lenye tarehe, idadi ya vyoo, damu, uzito, na kila dawa aliyopewa. Daftari hilo likifika mezani, mhudumu anayemwona kwa mara ya kwanza ataona papo hapo kwamba hii si dozi ya kwanza.